Ushuru wa Chwele, Sakafu ya Bungoma

Mkulima anayeleta vitunguu Chwele hulipa kabla hajauza. Gari likiingia sokoni kutoka Cheptais au Kapsokwony, mtoza ushuru wa kaunti hulisogelea, huhesabu magunia, hupokea pesa na kutoa risiti. Bei ipande au ianguke, ushuru haungoji. Soko hili liko katika eneobunge la Kabuchai, chini ya miteremko ya Mlima Elgon, na ni mojawapo ya masoko makubwa ya wazi magharibi mwa Kenya. Ndizi, viazi, nyanya, kabeji, mahindi na kuku hukutana hapa na malori ya wanunuzi wanaoelekea Bungoma, Kitale na mbali zaidi.

Mtu akisimama pembeni atazame, ataona serikali inavyoweza kuwa makini ikitaka. Inajua nani ameleta nini, magunia mangapi, amelipa shilingi ngapi. Hakuna anayepita kwa kusema faili lake bado liko ofisini. Mwenye kuku watatu kwenye kikapu hawekwi kando kwa kuwa ni mdogo.

Umakini huo ndio unaopaswa kuonekana shilingi ikishatoka mkononi mwa mwenye vitunguu. Huko mbele inageuka kuwa mshahara wa muuguzi, au matofali ya zahanati, au dawa, au mafuta ya gari la wagonjwa. Swali la sura hii ni nani anayejibu shilingi hiyo ikifika huko.

Njia yenyewe imeandikwa vizuri. Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010 kinataka kila kaunti iwe na Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na pesa zinazokusanywa au kupokelewa ziingie humo. Hakuna kitakachotolewa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi iliyoshikiliwa kwanza na Agnes Odhiambo na sasa Margaret Nyakang'o. Ushuru wa masoko ni sehemu ndogo tu ya mfuko huo. Sehemu kubwa hutoka Nairobi, katika mgao wa mapato ya taifa ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 kwa kaunti zote kwa jumla. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Bungoma umekuwa zaidi ya shilingi bilioni 10.6 kwa mwaka, kwa kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 1,670,570 katika sensa ya 2019. Huo mgao nao ni ushuru wa mtu fulani mahali fulani: kodi iliyo ndani ya bei ya sabuni, ya petroli, ya muda wa maongezi.

Pesa zikishaingia, hugawanyika. Mishahara ina daftari lake na sheria zake. Ujenzi una zabuni zake na wakandarasi wake. Matumizi ya kila siku, yaani dawa, umeme, maji, karatasi, matengenezo, yana mafungu yake. Kila moja lina afisa wake na kamati yake katika bunge la kaunti. Mkaguzi akija, hufungua kila daftari peke yake. Mgonjwa hakutani na daftari. Hukutana na chumba, mtu aliyemo ndani ya chumba, na kile kilicho mkononi mwa mtu huyo. Kimoja kikikosekana, vingine viwili havimsaidii, na hapo ndipo utaona kila ofisi ikionyesha kidole kwenye ofisi ya jirani.

Mwaka 2015 Bungoma ilitajwa nchi nzima kwa sababu ya wilbaro kumi. Serikali ya kaunti, chini ya gavana wa kwanza Kenneth Lusaka, ilikuwa imezinunua kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja, jumla ikapita shilingi milioni moja. Wilbaro ya kawaida kwenye duka la vifaa vya ujenzi ilikuwa shilingi elfu chache. Maafisa walieleza kwamba hizi zilitengenezwa kwa chuma maalumu kisichoshika kutu na kisicho na madhara kwa afya. Maelezo hayo hayakumtosheleza yeyote aliyewahi kusukuma wilbaro. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilichunguza, na maafisa kadhaa wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2017 Lusaka alishindwa uchaguzi na Wycliffe Wangamati, akawa Spika wa Seneti, kisha wapiga kura wa Bungoma wakamrudisha ugavana mwaka 2022.

Katika bajeti ya mabilioni, milioni moja ni kiasi kidogo. Kisa kile kiliuma kwa sababu kila mtu anajua bei ya wilbaro. Mama anayeuza nyanya Chwele hahitaji mhasibu amweleze kwamba ameibiwa. Lakini bei halali ya ukuta wa wodi ni ngapi? Ya tangi la maji juu ya mnara? Ya kuta za choo cha milango minne? Bei hizo zimo ndani ya ile orodha ya vifaa na gharama ambayo mafundi huiita BQ, na orodha hiyo mara nyingi haimfikii mtu anayeishi hatua chache kutoka kwenye jengo. Kwa hiyo hasira ya wananchi imeelekea pale wanapoweza kupiga hesabu wenyewe, na fedha nyingi zaidi zimepita pale wasipoweza. Wilbaro kumi zilifundisha nchi kuuliza bei ya kitu. Bado haijajifunza kuuliza kitu hicho kitatumiwa na nani, na mtu huyo ameajiriwa au la.

Chukua kichinjio cha kuku. Chini ya serikali hiyohiyo ya kwanza, kaunti ilijenga kichinjio cha kuku hapo Chwele. Wazo lilikuwa jema kabisa. Kuku wa kienyeji yupo karibu katika kila boma la Wabukusu, na mara nyingi ndiye mali ambayo mwanamke anaweza kuuza bila kumwomba mtu ruhusa. Kuku anayesafirishwa hai kwenda mjini hupungua uzito na wengine hufa njiani. Nyama iliyochinjwa na kupoozwa karibu na mfugaji ingemwachia faida zaidi. Jengo likasimama. Kazi ikakawia kwa miaka, na kichinjio kikaingia katika mazungumzo ya miradi ya Bungoma ambayo watu huipita wakiwa ndani ya matatu na kuuliza imekwama wapi.

Kichinjio chochote hakiishi kwa kuta. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka kipewe leseni na nyama ikaguliwe, kwa hiyo lazima pawe na mkaguzi wa afya ya mifugo ambaye ameajiriwa, analipwa na yuko pale asubuhi. Panahitajika maji mengi, umeme usiokatika, mahali pa kutupa manyoya na damu, na fundi wa mitambo ya baridi. Hayo yote ni gharama za kila mwezi, na bajeti ya ujenzi haina mwezi wa pili: hulipa mkandarasi na kufunga faili. Mradi unahesabiwa kuwa umetekelezwa siku ambayo mtu wa kuufanyia kazi bado hajatafutwa.

Tabia hii haikuanza na ugatuzi. Mpango wa Kuchochea Uchumi wa mwaka 2009, wakati wa serikali ya muungano ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, ulitenga zaidi ya shilingi bilioni 20 kwa masoko ya mazao, zahanati za mfano, shule, vibanda vya jua kali na mabwawa ya samaki 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Mpango huo ulikumbuka jambo moja ambalo miradi mingi husahau: pamoja na zahanati, uliweka pesa za kuajiri wauguzi 20 katika kila eneobunge. Lakini wauguzi hao walianza kwa mikataba ya muda, na masoko kadhaa yaliyojengwa yakabaki bila wafanyabiashara. Mabwawa yalichimbwa kwa wingi. Baada ya mavuno ya kwanza, mfugaji aliyekosa chakula cha samaki na afisa wa uvuvi wa kumtembelea aliliacha bwawa likajaa nyasi.

Kisha ukaja Machi 2013. Kaunti 47 zilizaliwa siku moja, na Bungoma ikarithi vitu ambavyo hakuna aliyekuwa amevihesabu. Kulikuwa na wafanyakazi wa mabaraza ya zamani ya miji na ya wilaya, waliokuwa wakilipwa kwa ushuru wa masoko na ruzuku iliyotokana na asilimia 5 ya kodi ya mapato. Kulikuwa na watumishi wa wizara za taifa walioambiwa kwamba mwajiri wao sasa ni gavana. Kulikuwa pia na majengo, viwanja, matrekta na madeni. Mamlaka ya Mpito ilipewa kazi ya kukagua na kuorodhesha mali hizo. Muda wake ukaisha Machi 2016 kabla kazi haijamalizika, ikakabidhiwa Kamati ya Kiufundi ya Uhusiano wa Serikali. Ndiyo maana ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu kaunti nyingi zimekuwa zikirudia mambo yaleyale kila mwaka: hakuna daftari kamili la mali, ardhi haina hatimiliki, majengo hayajulikani thamani yake.

Anayetaka kuona mkanganyiko wa uwajibikaji kwa macho aende kwenye uwanja wa shule yoyote ya msingi ya umma katika wadi ya Kabuchai/Chwele. Mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba linaiachia kaunti elimu ya awali. Mwalimu wa darasa la nne, aliye hatua ishirini kutoka hapo, ni wa Tume ya Kuwaajiri Walimu huko Nairobi. Darasa lake huenda lilijengwa na hazina ya eneobunge, ambayo mbunge huizindua kwa kukata utepe. Sekondari ya msingi ilipoanza mwaka 2023, walimu wengi walioletwa walikuwa wa mafunzo kazini, wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba Tume haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri kwa namna hiyo. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema hazina ya maeneobunge inakiuka Katiba na ikaamuru ikome ifikapo tarehe 30 Juni 2026.

Mzazi hayajui yote hayo, na hapaswi kuhitaji kuyajua. Paa likivuja juu ya mwanawe wa miaka mitano, humwendea mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu si mwajiri wa mwalimu wa chekechea, hakujenga darasa na hana fungu la mabati. Atamwelekeza kwa mwakilishi wadi, naye atamwelekeza kwa afisa wa elimu wa kaunti, naye atasema ukarabati haukuwekwa katika bajeti ya mwaka huu. Kila mmoja wao anasema kweli, na paa linavuja.

Uzito wa jambo hili hauonekani popote kama katika kesi ya mwanamke mmoja aliyejifungua hospitalini Bungoma mwezi wa Agosti 2013. Jina lake halihitajiki hapa. Rekodi ya mahakama inamtaja kwa herufi tu. Miezi miwili kabla, tarehe 1 Juni, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Habari hiyo ilisambaa haraka hata vijijini, na akina mama wakaja. Wodi hazikuongezwa. Wauguzi hawakuongezwa. Mwezi huohuo wa Agosti, kazi ya afya ilihamishwa rasmi kutoka serikali ya taifa kwenda kwa kaunti, kwa hiyo hospitali yenyewe ilikuwa ikibadilisha mmiliki.

Mwanamke huyo alifika hospitali ya wilaya ya Bungoma akiwa na uchungu. Ilibidi anunue mwenyewe pamba na dawa, katika huduma iliyotangazwa kuwa bure. Aliambiwa atembee mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia. Kilikuwa kimejaa, hakuna kitanda. Alianguka kwenye korido na kujifungulia sakafuni, akiwa amepoteza fahamu. Alipozinduka, wauguzi walikuwa wakimpiga makofi na kumtukana kwa kuchafua sakafu, kisha wakamwamuru ainuke, abebe kondo la nyuma na arudi chumbani kwa miguu. Tukio hilo lilirekodiwa kwa video, na taifa likaona.

Wengi waliotazama video ile waliwalaani wauguzi, na laana hiyo ilistahili. Hakuna uchovu unaompa mtu ruhusa ya kumpiga mzazi aliyelala sakafuni. Kama kesi ingeishia hapo, hospitali ingewaadhibu watu wawili na korido ingebaki vilevile. Mawakili wa mwanamke huyo walichagua njia nyingine. Waliishtaki serikali ya taifa na serikali ya kaunti pamoja na hospitali, na kuiomba mahakama itazame sera, pesa na usimamizi uliomfikisha pale.

Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma alitoa hukumu. Alikuta kwamba haki ya utu na haki ya afya za mlalamikaji zilivunjwa, na kwamba serikali zote mbili zilishindwa kutekeleza na kusimamia viwango vya huduma na kutenga rasilimali za kutosha. Aliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Ni hukumu ambayo inafaa kusomwa katika kila bunge la kaunti, na sababu yake si ukubwa wa fidia. Katika chumba kile cha mahakama, kitanda kilichokosekana, pamba iliyonunuliwa na mgonjwa, na muuguzi aliyezidiwa na kugeuka mkatili viliwekwa mezani kama jambo moja. Serikali ya taifa haikuweza kusema afya imegatuliwa. Kaunti haikuweza kusema imerithi hospitali jana. Hospitali haikuweza kujificha nyuma ya wauguzi. Ilichukua karibu miaka mitano na ujasiri wa mwanamke mmoja kupata jibu ambalo mfumo wa hesabu za serikali ulipaswa kulitoa katika mwaka uleule.

Mwaka uliotangulia hukumu hiyo, Wakenya walikuwa wameona nusu ya pili ya tatizo. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa wauguzi ulioanza Juni 2017 uliendelea hadi Novemba. Majengo ya hospitali yalikuwepo kwa miezi hiyo ya migomo, milango mingi ikiwa imefungwa.

Kwa nini basi kaunti zisiajiri zaidi? Hapa hesabu inakaza. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Sheria yenyewe ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kaunti nyingi zimepita kiwango cha mishahara, na Bungoma imekuwa miongoni mwao. Kwa hiyo gavana anayetaka kuongeza wauguzi huambiwa hana nafasi, huku akisukumwa na sheria hiyohiyo kuendelea kujenga. Nia ya kanuni ilikuwa njema: kuzuia kaunti isile kila kitu kwa mishahara ya ofisini. Lakini asilimia haitofautishi kati ya mkunga na msaidizi wa msaidizi wa ofisi ya gavana. Wote wawili huhesabiwa kama mishahara. Ukuta, hata ukijengwa pasipo na mtu wa kuingia ndani, huhesabiwa kama maendeleo.

Ndiyo maana daftari la mishahara linastahili kusomwa mstari kwa mstari. Tanzania iliwahi kulisoma hivyo. Mwaka 2016, muda mfupi baada ya kuingia Ikulu, Rais John Magufuli aliamuru msako wa watumishi hewa, na kufikia katikati ya mwaka zaidi ya majina 10,000 yaliondolewa. Aprili 2017 akapokea mjini Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliotuhumiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Fedha ziliokolewa. Lakini kuondoa jina ni nusu tu ya kazi, maana baadhi ya walioondolewa kwa vyeti walikuwa walimu na wahudumu wa afya vijijini, na nafasi zao zilihitaji kujazwa na watu halisi. Kenya nayo ilitangaza mwaka 2024 kwamba ukaguzi wa Tume ya Utumishi wa Umma umefichua vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi katika mashirika ya umma.

Katika kaunti, anayepaswa kulinda mlango huo ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti inaitaka, miongoni mwa mengine, ihakikishe angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zinakwenda kwa watu wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti hiyo. Bungoma si ya Wabukusu peke yao. Wasabaoti wa Mlima Elgon, Watachoni wa Webuye, Wateso wa mpakani na wengine hulipa ushuru uleule wa Chwele. Bodi ikiajiri kwa orodha iliyotoka kwa wanasiasa, hudhulumu watu wawili: kijana mwenye cheti aliyekosa kazi, na mgonjwa atakayehudumiwa na asiyestahili.

Ukaguzi upo, na una meno zaidi ya watu wanavyodhani. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu, sasa Nancy Gathungu, atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Shida ni kile kinachofuata. Ripoti hupelekwa Seneti na bunge la kaunti, na kamati huwaita magavana kujibu maswali ya miaka iliyopita, wakati mwingine miaka ya mtangulizi wao. Waziri wa kaunti aliyetia sahihi ameshaondoka. Mkandarasi amefungua kampuni nyingine. Pale Kitale, katika kaunti ya jirani, hospitali ya rufaa iliyopewa jina la Wamalwa Kijana ilianza kujengwa chini ya gavana Patrick Khaemba, ikapita mihula yake yote miwili, na mwaka 2022 ikamwangukia George Natembeya aimalizie. Ukiuliza ilikawia kwa nini, utajibiwa na mtu ambaye hakuwepo.

Kuna kaunti iliyojaribu kuleta mkaguzi karibu zaidi. Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, iliweka utaratibu wa kamati za wananchi kwa kila mradi, waliochaguliwa na majirani wa jengo lenyewe. Mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Wanakijiji walipewa michoro na BQ. Fundi wa kijiji aliweza kuhesabu mifuko ya saruji. Katika mwaka wa fedha wa 2016/17, Makueni na Nyandarua ndizo zilizopata hati safi kwa serikali zao, miongoni mwa kaunti 47. Mfumo ule haukuwa wa gharama kubwa. Ulihitaji gavana aliye tayari kuonyesha hesabu kabla hajaulizwa.

Bungoma yenyewe imewahi kuonyesha kwamba kazi iliyokwama inaweza kwenda mbio. Uwanja wa Masinde Muliro huko Kanduyi, ulioanza kufanyiwa kazi wakati wa Wangamati, ulikokota kwa miaka huku maswali yakiulizwa. Ilipotangazwa kwamba sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni 2024 zitafanyika Bungoma, mafundi wakafanya kazi kwa kasi ambayo wakazi hawakuwa wameiona, na Rais William Ruto akaongoza sherehe hapo. Wodi ya akina mama haina siku ya kitaifa inayoingoja. Inategemea tarehe za kawaida za bajeti, ambazo hakuna anayezipigia ngoma: mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Wakati huo ndio wafanyabiashara wa Chwele wanapaswa kuwa ndani ya ukumbi, kwa kuwa mwezi Julai kilichobaki ni kutekeleza yaliyokwisha kuandikwa.

Na wana haki ya kuja na maswali yao yakiwa yameandikwa. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa kila raia ruhusa ya kuandikia ofisi ya umma na kutaka taarifa, na ofisi hiyo ina siku 21 kujibu. Ikikataa, kuna Tume ya Haki za Kiutawala ya kuipelekea malalamiko. Kifungu cha 226 kinaongeza kwamba afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria anaweza kudaiwa hasara hiyo yeye binafsi, hata kama ameshaacha kazi.

Barua kuhusu hospitali ya kaunti ndogo ya Chwele, kwa mfano, haihitaji wakili. Iulize nafasi za wauguzi, wakunga na matabibu zilizoidhinishwa ni ngapi, na zilizojazwa leo ni ngapi. Iulize kila jengo lililoanzishwa hapo tangu 2013 lilianza lini, lilikadiriwa kugharimu kiasi gani, limelipiwa kiasi gani, na nani atafanya kazi ndani yake. Iulize fungu la maji, umeme, dawa na ukarabati la mwaka huu, na lililotumika kufikia robo ya mwisho. Kisha iombe majibu yote yawekwe kwenye ukurasa mmoja, pamoja na cheo cha afisa anayejibu kwa ukurasa huo mzima, na ukurasa ubandikwe kwenye ukuta wa mapokezi. Wizara ya afya ya kaunti inazo namba hizo katika mafaili yake, hazina ya kaunti inazo nyingine, na bodi ya utumishi inazo zilizobaki. Kinachotakiwa kabla ya makadirio yajayo kupelekwa bungeni ni mtu wa kuziweka pamoja.